Sabuni Moja, Mikono Saba

Kama yupo mtu Ifakara ambaye mwezi huu hajapelekewa kadi ya mchango, basi huyo kazaliwa juzi usiku, na hata yeye kadi ya ubatizo wake iko njiani. Nalijua hilo kwa sababu kadi zinapita kwangu. Nina steshenari karibu na soko: napiga fotokopi, nachapa barua, najalidi tasnifu za wanachuo, nachonga mihuri, na tangu nilipokopa mashine ya rangi natoa kadi na mabango. Harusi, sendofu, kicheni pati, komunyo, kipaimara, maulidi, arobaini ya marehemu, mahafali ya chekechea. Mahafali ya chekechea, jamani! Mtoto anahitimu kuimba a-e-i-o-u, na mimi babu yake wa mbali naambiwa nichange elfu ishirini na nivae kitambaa cha sare.

Ningekuwa mchapaji tu nisingelalamika, maana kadi zina faida yake. Tabu ni kwamba mteja akishazipokea kadi zake mia mbili, akazihesabu, akaomba apunguziwe, akapunguziwa, huchomoa ile ya juu kabisa na kunikabidhi mwenyewe. "Na wewe mzee wetu, tukuache vipi?" Basi nakaa na kazi ya mikono yangu, wino haujakauka, inanidai.

Msimu wake unajulikana. Bonde la Kilombero lina majira mawili tu, kabla ya kuvuna na baada ya kuvuna. Mpunga ukishaanza kutoka, kuanzia Mei hivi, mashine za kukoboa zikalia, malori ya wanunuzi yakajipanga, kila kijana wa bonde hili anagundua kwamba amekomaa na anahitaji mke. Hapo ndipo zinapozaliwa kamati. Na niseme wazi: nchi hii haina chombo kinachojua kukusanya fedha kama kamati ya harusi. Mamlaka ya Mapato wangetuma watu wakae nao wiki moja, wajifunze.

Kwanza unaingizwa kwenye grupu la WhatsApp bila kuulizwa. Pili unaandikwa ahadi, tena si wewe uliyeitaja, imekadiriwa na mtu anayekujua. Singo elfu hamsini, dabo elfu themanini. Tatu, orodha inapandishwa kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajakohoa. Aliyemaliza ana tiki ya kijani. Aliyelipa nusu ana vile viganja viwili vya kuomba dua. Ambaye hajatoa hana alama yoyote, jina lake liko tupu, uchi, mbele ya shemeji zake na wakwe zake. Mweka hazina naye ana adabu inayouma. "Mzee wangu shikamoo. Naona mtandao umekusumbua, maana muamala wako haujaingia." Marahaba mwanangu. Mtandao hauna neno, ni mfuko.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mama mmoja wa jumuiya yetu aliniletea barua ya kuchapa, ya kuwaombea wagonjwa wa hospitali yetu, St. Francis, mablanketi na fedha kidogo za kuwalipia wasio na ndugu. Barua ilianza kwa "Tunaomba radhi kwa usumbufu." Ikaendelea, "Tunatambua majukumu mliyo nayo." Ikaja, "Kwa yule atakayeguswa." Ikamalizia, "Hata kama ni kidogo." Akataka nakala thelathini, nyeusi na nyeupe, karatasi nyepesi ili asitumie fedha ya watu. Nikamwambia, mama, watu wa harusi hawaombi radhi. Watu wa harusi wanakuandikia laki moja na kukuambia usichelewe. Akacheka, akazichukua barua zake, akaenda.

Alirudi baada ya muda kuniambia alichovuna, na alichovuna kilikuwa maswali. Nani msimamizi? Risiti zipo? Zimepitishwa na nani? Serikali iko wapi? Kwani bima haipo? Maswali mazuri sana, na mimi nayaunga mkono. Ila natamani siku moja, katikati ya ukumbi, keki ikiwa inakatwa, mtu mmoja asimame aulize kamati: lile salio la milioni na kitu liko wapi, na ni nani aliyeidhinisha mapambo? Hatatokea. Anayeuliza risiti za harusi anaonekana mchawi. Anayeuliza risiti za hospitali anaonekana msomi.

Bingwa wa maswali hayo ni shemeji yangu, mwenye mashine mbili za kukoboa kule Lipangalala. Yeye hoja yake ni moja tu, na huitoa huku akijimiminia chai yangu. "Shemeji, hospitali ile ina Waswisi wake. Wewe na elfu kumi yako unakwenda kumsaidia Mswisi?"

Nakubali hoja ina mizizi. Tasnifu za wanachuo wa tiba huja kwangu kuvikwa springi, na mashine ikiwa inapoa mimi nasoma. Sura ya kwanza huwa ni historia, kwa kuwa historia haihitaji kuchukua damu ya mtu. Humo ndimo nilimojifunza kwamba Wakapuchini na masista wa Baldegg kutoka Uswisi waliingia nchini miaka ya 1920, na kwamba tiba ya bonde hili ilianza kidonda kwa kidonda mikononi mwa masista, zamani kabla ya St. Francis kuwa hospitali ya rufaa yenye vitanda zaidi ya mia tatu, inayopokea wagonjwa wa Kilombero, Ulanga na Malinyi. Mwaka 1926, kwao Uswisi, Wakatoliki waliunda chama cha kuunga mkono tiba ya misheni, ambacho leo kinaitwa SolidarMed. Mwaka 1949 akafika Profesa Rudolf Geigy wa Basel, mtu wa ukoo wa ile kampuni ya Geigy ambamo iligunduliwa kwamba DDT inaua wadudu. Wakapuchini wakampokea, akalipenda bonde letu papo hapo. Sisi tuliozaliwa humu tunajua sababu: mtu anayetafiti mbu na kupe akifika Ifakara, kafika peponi. Mwaka 1957 akafungua maabara ndogo, ambayo ndiyo mbegu ya Taasisi ya Afya Ifakara inayojulikana leo dunia nzima. Mwaka 1961 viwanda vya kemikali vya Basel vikachanga kupitia mfuko wao, kikafunguliwa kituo cha kufundisha waganga wa vijijini.

Kwa hiyo ni kweli, wametoa, tena sana. Lakini shemeji anavyosema "Waswisi" utadhani ni mzee mmoja mwenye kitambi na funguo za benki. Kwa upande wa misheni waliotoa ni waumini wa parokia zao, bibi wa kijijini aliyetia sarafu Jumapili, ambaye Ifakara hawezi kuionyesha kwenye ramani na hakuna aliyemletea picha yake ameshika boksi la dripu. Huyo ndiye shemeji anayemsukumia mzigo. Na mfadhili mkubwa kuliko wote tumeshamwona. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, lililokuwapo tangu 1961. Wahenga walisema mgeni wa siku ya tatu apewe jembe. Yule tulimwachia jembe zaidi ya miaka sitini alime peke yake, sisi tukimsifia tuta, na sasa kaondoka nalo.

Ndani ya tasnifu hizo kuna habari moja ninayomsimulia shemeji kila akija kunywa chai. Katikati ya miaka ya 1990 ulianza hapa Kilombero na Ulanga mradi wa vyandarua, KINET. Vyandarua havikugawiwa bure. Viliuzwa madukani kwa bei ya chini, pamoja na dawa ya kuchovya, kwa jina la Zuia Mbu. Watu walinuna: msaada gani unauzwa? Matokeo yakachapishwa mwaka 2001: kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kilihusiana na ongezeko la asilimia 27 katika kunusurika. Zawadi ilikuwa imefichwa ndani ya bei, aliyenunua hakujiona ombaomba, na hakuna mtu aliyepigwa picha akimkabidhi mtoto uhai wake. Siku hizi msaada wa namna hiyo ungekosa mfadhili. Utaweka wapi nembo?

Maana hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo, kwenye picha.

Kila ifikapo Siku ya Wanawake, sikukuu ya dini, au kumbukumbu ya kuzaliwa ya mtu mwenye wafuasi mtandaoni, kikundi kinakuja kwangu. Wanataka bango: "Tumewatembelea wagonjwa." Wanataka fulana za rangi moja zenye maandishi hayohayo mgongoni. Wananunua boksi la sabuni, pampasi, juisi za pakiti, kisha wanaelekea wodi ya wazazi. Kwa nini wodi ya wazazi? Kwa sababu kule kuna watoto wachanga, na mtoto mchanga hupendeza kwenye picha. Wodi ya wanaume waliovunjika miguu kwa bodaboda haijawahi kutembelewa na fulana zozote, nami nikiwaangalia wanaume wenyewe nawaelewa wapiga picha.

Picha hizo huja kwangu kusafishwa, hivyo nimeziona nyingi kuliko mganga mkuu yeyote. Ni ileile. Katikati yupo mama aliyejifungua usiku, hajalala, hajaoga, kanga imemlegea, anajitahidi kutabasamu. Mbele yake kipande kimoja cha sabuni, kimeshikwa na watu saba. Saba! Mikono imepandana juu ya sabuni mpaka sabuni yenyewe haionekani, na aliyekosa nafasi ya kuigusa amemshika mkono aliyeigusa. Mama wa watu anapokea sabuni ya shilingi elfu moja kwa uzito wa mikono kumi na minne. Nikiwauliza, mmemwomba ruhusa ya kumtundika mtandaoni, wananijibu: "Mzee, tumempa na pampasi."

Halafu kuna wakubwa zao, wenye hundi ya mfano. Hundi ya mfano, kwa msomaji ambaye hajawahi kuhudhuria hafla, ni hundi ya uongo yenye ukubwa wa mlango. Kuna taasisi moja, sitaitaja kwa kuwa bado nawadai, ilitaka hundi ya namna hiyo kwa ajili ya zahanati fulani. Kiasi kilichoandikwa kilikuwa laki tatu. Kuitengeneza hundi yenyewe, ubao, rangi na gundi, elfu arobaini na tano. Nikawaambia kwa upole, hizi arobaini na tano si mngeziweka humo humo kwenye hundi? Wakaniangalia kwa huruma, jinsi wanavyotazamwa watu waliozeeka kabla ya kufika Dar es Salaam.

Hundi haikuingia kwenye bajaji. Basi kijana wangu akapewa kazi ya kuipeleka kwa baiskeli, na mji wetu, wenyewe mnaujua, kila mtu yuko juu ya baiskeli. Upepo wa Agosti ukaikamata njiani. Aliyekuwapo anasema kijana alivuka barabara bila kukanyaga pedali, akaingia nayo kwenye meza ya mama muuza pepeta. Hundi ikatoboka kwenye sifuri ya pili. Tukaiziba kwa selotepu, hafla ikafanyika, mgeni rasmi akaishika kwa kusimamisha kidole juu ya tundu. Fedha halisi, nasikia, ilitumwa baadaye kwa simu, na makato yakakatwa humo humo.

Watu hudhani ushamba huu ni wetu. Si wetu peke yetu. Kule Bosnia, kati ya 1992 na 1996, wakati wa vita na mara baada yake, wafadhili wa mataifa walimwaga dawa za msaada, na baadaye wataalamu wakakadiria kwamba tani zipatazo 17,000 zilikuwa hazifai: nyingine zimepitwa na muda, nyingine hazijulikani ni za nini. Ikabidi watafute namna ya kuziteketeza, na kuteketeza dawa ni gharama. Mwaka 1996 Shirika la Afya Duniani na wenzake wakaandika mwongozo wa kutoa msaada wa dawa, na ndani yake mna sharti kwamba dawa ikifika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Fikiria mambo hayo: watu wazima, wenye shahada, wanaandikiana kwenye karatasi kwamba usimpe mgonjwa dawa iliyooza. Ni kama bwana harusi kupewa chupa za chai kumi na nne, ila chupa za chai haziui mtu.

Mimi nimekuwa nikichapa mabango miaka yote hii na kuna maandishi ambayo sijawahi kuombwa. Sijawahi kuchapa "Tumechangia dizeli ya jenereta." Sijachapa "Tumezibua choo cha wodi namba mbili." Hakuna aliyekuja akasema, mzee, niandikie kwa herufi kubwa, "Familia yetu imelipa mshahara wa mlinzi wa usiku, miezi sita." Dizeli ikishaungua haina pa kubandika jina. Choo kilichozibuliwa, ukikipiga picha, kinafanana na choo. Lakini muulize muuguzi yeyote, hospitali yoyote, nini kitamkwamisha saa nane za usiku mama akiwa kwenye meza ya upasuaji na umeme umekatika. Hatakutajia juisi ya pakiti.

Na wapo watoaji wengine ambao sijawahi kuwachapia chochote. Hawa ndio wanaoniumiza kichwa.

Bonde letu wakati wa kilimo linahama. Familia zinaacha nyumba mjini na vijijini, zinakwenda kuishi mashambani, kwenye madungu, karibu na mpunga, katikati ya maji na mbu. Hapo ndipo mtoto anapopandwa na homa. Anapakiwa kwenye baiskeli, mama nyuma kambeba, baba anakokota tope. Wa ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga na Malinyi, zamani walikaa wakingoja kivuko, wakimwomba Mungu na nahodha. Sasa kuna Daraja la Magufuli, mita 384, na nawaambia bila kejeli kwamba hilo daraja ni tiba. Wakifika hospitali, ndipo wanapokuja watoaji wangu. Shangazi anaacha palizi yake kuja kupika uji. Binamu anafua. Jirani wa kitanda, ambaye hata hajui jina la mgonjwa wa pembeni, anamgeuza ubavu usiku kwa kuwa ndugu yake kasinzia. Ukizijumlisha siku za palizi zilizoachwa, na mpunga uliomezwa na majani kule shambani mwenye shamba akiwa kakaa kwenye benchi la wodi, utapata mchango ambao mgeni rasmi yeyote angeupigia saluti. Lakini hauna hundi. Na wanaoutoa wanauita kuuguza tu, hawajui kwamba wamechangia kitu.

Ubaya ni kwamba fedha na homa hazikutani. Homa inakuja na mvua, ghala likiwa tupu, mchele tunanunua dukani kwa bei ya kututukana sisi tunaoulima. Fedha inakuja baada ya mavuno, watu wakiwa wamenenepa, na ikija inakuta kamati ya harusi imeshakaa mlangoni na orodha. Kwa hiyo msimu tunaougua hatuna, na msimu tulionao tunacheza kwaito.

Halafu kuna damu. Chupa moja ni kama mililita 450, mwanamume anaweza kutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne, na haiuzwi wala hainunuliwi, ni ya kujitolea. Katika nchi yenye malaria, mtoto aliyeishiwa damu hana muda wa kusubiri kikao. Sasa wachangiaji wakubwa ni nani? Wanafunzi. Shule zikifungwa, akiba ya damu nayo inayumba, nchi nzima, na sisi wenye vitambi na damu za kumwaga tumekaa kijiweni tunajadili ligi. Nilimwambia shemeji, twende tukatoe. Akanijibu kwamba damu yake ni nzito. Nikamwambia nzito ndiyo nzuri, inakaa. Akasema ana presha. Nikasema watakupima bure. Akasema, na chai ilikuwa imekwisha kwenye birika, kwamba kama wangekuwa wanatoa fulana angefikiria.

Nimefanya hesabu nyingine, hii nilimwonyesha kwenye kikokotoo ili asiseme nimezua. Mfuko wa Afya ya Jamii, ule ulioanzia Igunga mwaka 1996 na kuwekewa sheria mwaka 2001, ulipokuja kuboreshwa ulitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka mzima. Mwaka mzima, watu sita. Kadi singo ya harusi ni elfu hamsini, kwa jioni moja, mtu mmoja, na hapo unaweza ukakosa kuku kwa kukaa meza ya nyuma. Shemeji mwenye mashine mbili za kukoboa alikuwa na dabo tatu msimu mmoja. Kadi ya bima? "Shemeji, kwani mimi naumwa?" Sasa imetungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, ya mwaka 2023, na tayari amekwishaanza kuuliza kama inaweza kulipwa kwa mpunga. Kwa hili simcheki. Kanisani mavuno tunatoa kwa magunia na debe, na Mungu hajawahi kuyarudisha.

Nikaona nisikae kulalamika tu, ingawa kulalamika ndiko ninakokuweza. Kamati moja ya harusi ilikuwa imemaliza kazi yake, bwana na bibi wameshahamia Viwanja Sitini, grupu la WhatsApp bado liko hai, watu mia na ushee, tabia ya kulipa wanayo. Nikamfuata mwenyekiti wao, kijana mchangamfu, anauza pembejeo. Nikamwambia: mwanangu, msilivunje grupu. Tumieni mbinu zenu zilezile kwa ajili ya hospitali. Orodha ya alfajiri, tiki ya kijani, viganja vya dua, ahadi za kukadiriwa, kila kitu. Msiombe radhi hata kidogo. Mtu akiuliza risiti mpeni risiti. Mkinunua dizeli, nunueni dizeli.

Akasimama kunishika mkono. "Mzee wangu, hilo ni wazo. Hilo ni wazo kubwa!" Jioni ileile grupu likabadilishwa jina. Kesho yake kulikuwa na mwenyekiti, makamu, katibu, katibu mwenezi, mweka hazina, mtu wa ukumbi, mtu wa chakula na mtu wa mapambo. Nikauliza, mapambo ya nini? Nikaambiwa, ya uzinduzi. Wiki haikuisha wakaniletea bajeti niichape. Ukumbi. Muziki. Emsii. Fulana mia na ishirini, za kola. Chakula cha mgeni rasmi na ujumbe wake. Mafuta ya gari la mgeni rasmi. Maji ya kunywa. Dharura. Chini kabisa, baada ya dharura, kwa herufi ndogo ili ikae kwenye ukurasa mmoja: "Hospitali, kitakachobaki."

Nilimwita mwenyekiti nimuulize, akaniwahi. "Shikamoo mzee. Usijali, jina lako tumeliweka kwenye bango. Mwasisi." Nikaitikia. Mtu ufanyeje?

Bango ni mita nne kwa mbili, rangi kamili, picha ya mwenyekiti kushoto, nafasi ya mgeni rasmi kulia, sabuni katikati. Wamelipa nusu. Nilipodai nusu iliyobaki nikaambiwa niangalie orodha ya alfajiri. Nikaangalia. Wameiandika kuwa ndiyo ahadi yangu kwa hospitali, na tiki ya kijani nimeshawekewa.